Nyama za ndani zina majina mangapi? Mwongozo kamili kwa mpishi, mhudumu wa hoteli na mwanafunzi wa mifugo

Hapa Arusha na Moshi kuna watu wa aina tatu ambao hii kitu inawasumbua kila siku. Kuna wapishi wa safari na wa mlimani, kuna wahudumu wa hoteli wanaoulizwa na mgeni "hii kwenye supu ni nini", na kuna vijana wanaosomea mifugo, pale Tengeru na kwingineko, ambao mwalimu anaongea lugha ya kitabu halafu wakienda machinjioni wanakuta lugha nyingine kabisa. Wote hawa ini wanalijua, moyo wanaujua, ila ukiwauliza bandama liko upande gani au kongosho linafananaje wanakujibu "hizo ni nyama za ndani tu bana".

Ushauri wangu ni mmoja na nitaurudia hadi uchoke: usianze na kamusi, anza na mnyama. Ukiwa umeshaishika ile kitu mkononi, ukajua inakaa wapi na imeungana na nini, jina lake kwa lugha yoyote linaingia lenyewe na halitoki. Ukianza na orodha ya maneno utachanganya tu, kwa sababu kila lugha inagawa tumbo la mnyama kwa namna yake.

Hatua ya 1: amua unataka majina ya nani

Kiungo kimoja kinaweza kuwa na majina manne bila hata kuvuka mpaka wa Namanga. Kuna jina la bucha, jina la jikoni, jina la daktari wa mifugo, na jina la nyumbani kwenu. Chukua lile tumbo kubwa la ng'ombe lenye manyoya manyoya kwa ndani, buchani wengi wanaliita taulo, likifika kwa mama ntilie ni utumbo tu, darasani ni rumeni, na ukimuuliza mzee wa Kimaasai au wa Kiarusha tumbo kwake ni enkoshoke. Kwahiyo kabla ya yote chora daftari lako safu nne hizo, alafu ongeza ya tano kwa ajili ya lugha ya mgeni unayekutana naye zaidi. Kama kampuni yenu inaleta Wajerumani andika Kijerumani, usijipe kazi ya lugha saba kwa mpigo.

Hatua ya 2: pata mnyama mzima, na awe mbuzi

Ng'ombe ni mkubwa mno, vitu vyake vinakatwakatwa kabla havijafika buchani na huwezi kuona kipi kimeshikana na kipi. Mbuzi unamtandaza wote kwenye sinia moja kubwa. Nenda mapema, Kilombero au Ngaramtoni kwa wa Arusha, Mbuyuni au Kiboriloni kwa wa Moshi, na umwambie muuzaji kabisa: nataka mapafu, moyo na ini vikiwa vimeshikana, usinikatie. Atakushangaa kidogo ila atakupa. Uliza pia kama nyama imekaguliwa, mzoga uwe na muhuri wa mkaguzi, hilo sio la kuona aibu.

Kuna njia nyingine ambayo mimi naiona bora zaidi. Kama kuna harusi au kipaimara na watu wanaandaa ndafu, yule mbuzi anabanikwa mzima lakini ndani ametolewa kila kitu, na hizo nyama za ndani zinakaa pembeni kwenye beseni zikisubiri supu. Waombe wazee wa kazi wakuachie nusu saa tu, na waulize majina hapohapo, maana watu wanaochinja kila wiki wanajua kuliko kamusi. Vaa glavu, beba kisu kikali na simu yenye chaji.

Hatua ya 3: anza na kifungu cha juu

Ukivuta koromeo na bomba la hewa vinakuja pamoja na mapafu, moyo katikati, na ini likifuata chini baada ya kukata kiwambo, ile nyama nyembamba inayotenganisha kifua na tumbo. Waingereza kifungu chote hicho wanakiita pluck, kwa sababu kinang'olewa kwa mkupuo mmoja, na neno hilohilo likaja kumaanisha ujasiri. Wazulu nao ini ni isibindi na ujasiri pia ni isibindi. Wamalei ndo wanachanganya zaidi, hati ni ini, ila wakiongelea moyo wa kupenda na kuumia wanasema hati hiyohiyo, moyo wenyewe wa kupiga dup dup ni jantung. Sisi tunasema maneno yake yamenikata maini, kwahiyo tusiwacheke.

Shika pafu kwanza. Libonyeze, ni jepesi, lina hewa, ukilitupa kwenye ndoo ya maji linaelea. Huo wepesi ndo umelipa jina sehemu nyingi: mabucha ya zamani ya Uingereza waliuza mapafu kwa jina la lights, Warusi pafu wanaliita kwa neno lao la "jepesi", na Wahispania mapafu ya mnyama wana neno livianos lenye maana hiyohiyo. Waturuki wamekwenda njia nyingine, pafu ni akciğer yaani ini jeupe, na ini ni karaciğer yaani ini jeusi, kwahiyo mgeni Mturuki akisema ciğer tu muulize lipi. Kwa ndugu zetu Wabantu wa kusini utalitambua bila mkalimani, Kizulu iphaphu, Kishona bapu.

Jambo moja la kukumbuka kuhusu mapafu ni kwamba Marekani yamekatazwa kuuzwa kama chakula cha binadamu tangu 1971, ndo maana hata haggis ya Waskoti, ambayo ni moyo, ini na mapafu ya kondoo vilivyopikwa ndani ya tumbo lake, haiingii kule ikiwa na mapafu. Kwahiyo Mmarekani akiona pafu kwenye bakuli lake la supu pale Kwa Mrombo na akakodoa macho, sio dharau, hajawahi tu kuliona likiliwa.

Moyo hauna shida, hata mtoto anaujua. Ila sikiliza majina yake kwa lugha zetu maana yanagawanyika makundi mawili. Kishona ni mwoyo, karibu sawa na sisi. Upande mwingine kuna Kinyarwanda umutima, Kichewa mtima, na hapahapa mlimani watu wa Vunjo wanasema mrima, na ukisoma tenzi za zamani za pwani unakuta mtima umejaa tele. Wamaasai na Waarusha wanasema oltau, hiyo haifanani na yoyote kwa sababu Kimaa sio lugha ya Kibantu.

Ini sasa. Buchani halina umoja, hata likiwa moja ni maini, "nipe maini nusu". Kiarabu ni kibda kwa mtaani na kabid kwa kitabu, Wahindi jikoni wanasema kaleji, na hii kaleji ukiishi karibu na familia za Kihindi mjini Arusha au Moshi utaisikia. Ila yenye hadithi tamu ni ya Ulaya. Warumi walikuwa wananenepesha bata bukini kwa kuwalisha tini ili maini yawe makubwa, wakayaita iecur ficatum, ini la tini, taratibu watu wakaacha neno la ini wakabaki na la tini. Leo Mwitaliano anasema fegato, Mfaransa foie, Mhispania hígado, zote zinatoka kwenye lile tunda, na neno la asili la ini likafa kabisa kwao.

Kwenye ini utaona kifuko cha kijani, hicho ndo kifuko cha nyongo. Kitoe kwanza kabla hujagusa kitu kingine, kata mbali kidogo na usiminye, ikipasuka ini lote linakuwa chungu na hakuna ndimu ya kuliokoa. Nyongo ni neno la ukoo mkubwa, Wakikuyu wanasema nyongo, Wazulu inyongo. Na usiitafute kwa kila mnyama maana punda, farasi na ngamia hawana kifuko cha nyongo, njiwa naye hana, ila kuku anacho. Mwanafunzi wa mifugo hii weka alama, wanaipenda kwenye mtihani.

Hatua ya 4: tumbo, hapa usiwe na haraka

Hapa ndo watu wengi wanakwama kwa sababu sisi tunasema tu "tumbo" au "utumbo" wakati mbuzi, kondoo na ng'ombe wana vyumba vinne na kila kimoja kina sura yake, ladha yake na jina lake. Osha kwanza nje, weka kwenye sinia, halafu pasua moja moja na upige picha ya ndani, sio ya nje, kwa nje vyote ni mifuko tu.

Kikubwa kabisa, kinachojaza upande wa kushoto wa mnyama, ndo rumeni. Kwa ng'ombe mkubwa kinabeba zaidi ya lita 100. Ndani kina vinyweleo vingi vifupi, ndo ile taulo yetu. Wajerumani wanakiita Pansen, Wafaransa panse.

Kilichoshikana nacho kwa mbele, karibu kabisa na moyo, kina ndani yenye vijumba vijumba. Hapa angalia lugha zinavyokubaliana: Kilatini reticulum ni wavu mdogo, Kijerumani Netzmagen ni tumbo la wavu, Waholanzi netmaag hivyohivyo, ila mabucha ya Kiingereza wao wameona sega la nyuki wakaita honeycomb. Hiki chumba ndo kinachookota misumari na vipande vya waya ambavyo ng'ombe amemeza, na kwa vile moyo uko hatua moja tu mbele yake, waya ukitoboa unakwenda moja kwa moja kwenye moyo. Ng'ombe wanaolishwa mabaki ya mjini wanakufa sana kwa hiyo kitu. Kwahiyo ukipasua pitisha vidole taratibu, unaweza kukutana na msumari.

Cha tatu ni kigumu, cha mviringo, ndani kuna kurasa nyingi zimepangana. Utasikia watu wanakiita kitabu, na sio sisi peke yetu, Mholanzi anasema boekmaag yaani tumbo la kitabu, Mjerumani Blättermagen la majani, Mfaransa feuillet ni karatasi. Kitabuni kwa daktari ni omasamu. Kukiosha hiki ni kazi, lazima ufungue ukurasa mmoja mmoja maana majani yanajificha humo, na wapishi wavivu ndo hapa wanajulikana, supu inanuka mavi ya ng'ombe halafu wanasema ni ladha ya asili.

Cha nne, abomasamu, ni laini, chenye utelezi na mikunjo, na hili ndo tumbo lenyewe lenye tindikali ya kumeng'enya, kama letu sisi binadamu. La ndama anayenyonya lina kitu cha kugandisha maziwa, ndo kinachotumika kutengenezea jibini, na majina yanasema hivyohivyo, Mfaransa caillette kutoka kugandisha, Mjerumani Labmagen na Lab ndo hiyo dawa ya kugandisha. Ukipata mgeni kutoka Firenze kule Italia mwambie tu neno lampredotto, macho yatamtoka, ndo mkate wao wa mtaani wenye abomasamu ya ng'ombe iliyochemshwa.

Baada ya hapo utumbo mwembamba, kwa ng'ombe unaweza kufika mita 40 hivi ukiunyoosha, halafu utumbo mpana. Wa mbuzi ndo ule unaosafishwa, unageuzwa ndani nje, unasukwa na kutupwa kwenye supu. Kwa majirani Wakikuyu utumbo unajazwa nyama na damu, mutura, na hapa Arusha umeshavuka mpaka zamani tu.

Kuosha kwa kifupi: maji ya kawaida mengi kwanza, kisha maji ya moto yasiyochemka, kwangua kwa kisu hadi ile ngozi ya juu itoke, chumvi na ndimu, suuza tena. Ukianza na maji yanayochemka ule uchafu unashikana na nyama na hautoki tena.

Hatua ya 5: vidogo vinavyopotea

Figo ziko mgongoni zimefunikwa mafuta. Ya mbuzi ni laini nje, ya ng'ombe ina mafundo mafundo, ukiona hivyo huwezi kuchanganya mnyama. Kwa Kimaasai ukichinja mbuzi porini figo huliwa papo hapo, mbichi, ina moto bado. Mgeni akikuuliza mwambie ni kweli, ila usimpe, tumbo lake halijazoea.

Bandama, wengine wanasema wengu, ni lile bapa la rangi ya zambarau nyeusi limejibandika kwenye rumeni upande wa kushoto. Waislamu wanaijua vizuri ile hadithi ya kwamba damu mbili zimehalalishwa, ini na bandama, kwa Kiarabu kabid na tihal. Wajerumani Milz, Waitaliano milza, na mji wa Palermo una mkate maarufu wa bandama. Kwa Kiingereza ni spleen, ila mabucha ya zamani wanasema melt au milt, na hapo tahadhari, milt kwa mvuvi ni mbegu za samaki dume, kitu tofauti kabisa.

Kongosho ndo linalopotea kuliko yote. Liko pale utumbo mwembamba unapoanzia, rangi ya waridi iliyofifia, lina chembechembe, limechanganyika na mafuta, na kwa kuwa halina sura ya kueleweka wengi wanampa mbwa. Ila hiyo nyama ndo iliyookoa wagonjwa wa sukari, mwaka 1922 kule Toronto mgonjwa wa kwanza alichomwa dawa iliyokamuliwa kwenye kongosho la ng'ombe, na kwa miaka mingi baadae insulini ya dunia nzima ilitoka kwa ng'ombe na nguruwe.

Firigisi ya kuku haina mjadala, kila mtu anaijua na kila nyumba ina mwenyewe. Kiingereza gizzard, Kifaransa gésier.

Hatua ya 6: mitego ya lugha za wageni

Hapa ndo kamusi ya simu inakuangusha. Wafaransa na Waitaliano wana jina la kiungo kikiwa ndani ya mtu na jina lingine kikiwa ndani ya sahani. Figo ya mgonjwa ni rein, figo ya kula ni rognon. Ubongo wa mtu cerveau, wa kula cervelle. Mwitaliano naye rene hospitali, rognone jikoni. Ukimuandikia Mfaransa kwenye menyu reins atakuelewa ila atajisikia yuko wodini. Mjerumani na Mhispania hawana huo usumbufu, Niere ni Niere na riñón ni riñón popote.

Mtego wa pili, sweetbread ya Waingereza sio tamu na sio mkate, ni kongosho au tezi ya shingoni na kifuani ya ndama, ile ambayo Wafaransa wanaita ris. Na ris inasikika sawasawa na riz ambao ni wali, kwahiyo mhudumu akisikia vibaya anapeleka wali. Wahispania wakaweka chumvi kwenye kidonda, molleja kwao ni firigisi na ni hiyo tezi pia, lazima uulize ni ya kuku au ya ndama.

Wa tatu ni wa aibu. Rognons blancs ya Kifaransa, yaani figo nyeupe, ni korodani. Criadillas ya Kihispania pia. Na Wamarekani wa magharibi wanaziita chaza wa milimani, mtu akaagiza akidhani ni kitu cha baharini. Mhudumu ujue tu ucheke baadae jikoni.

Na daktari naye ana lugha yake, hii ni kwa wanafunzi. Ukiona hepa au hepati ni ini, kadi ni moyo, pulmo ni mapafu, reno au nefro ni figo, spleno ni bandama, gastro ni tumbo, na likiishia na itis maana yake kimevimba kwa ugonjwa. Kwa hizo sita tu unasoma nusu ya ripoti ya machinjioni bila kuuliza mtu.

Hatua ya 7: jua magonjwa kwa kiungo

Wafugaji wa dunia nzima wametaja magonjwa kwa kiungo kinachoharibika, kwahiyo ukijua viungo umejua magonjwa mengi kwa mpigo. Kimeta kwa Kijerumani ni Milzbrand, moto wa bandama, Kiholanzi miltvuur hivyohivyo, kwa sababu bandama linavimba, linakuwa jeusi na kulainika, na damu nyeusi isiyoganda inatoka puani na nyuma. Mnyama aliyekufa ghafla hivyo USIMPASUE ili kuangalia bandama, wala usimchune, mwite afisa mifugo. Kimeta kimeshaua watu na wanyama mikoa hii yetu na sio kitu cha kujaribu.

Ndigana baridi inavimbisha kifuko cha nyongo, ndo maana Makaburu waliita galsiekte, ugonjwa wa nyongo. Maji moyo ni tafsiri moja kwa moja ya hartwater yao, unakuta maji kwenye mfuko unaozunguka moyo, na ugonjwa huo unaletwa na kupe. Homa ya mapafu ya ng'ombe kwa Kijerumani ni Lungenseuche, tauni ya mapafu. Homa ya Bonde la Ufa, iliyotupiga 2006 na 2007, inaharibu ini, na kipindi cha mlipuko wanaochinja na kupasua wako kwenye hatari kuliko wanaokula nyama iliyoiva.

Kwa mnunuzi wa kawaida mambo mawili yanatosha. Kata ini uangalie mirija, ukikuta minyoo bapa yenye sura ya jani au mirija migumu ya kukwaruza kisu, liache. Na ukiona kwenye pafu au ini malengelenge yenye maji meupe, hayo ni mayai ya mnyoo wa mbwa yaliyokua, usimpe mbwa kabisa, maana ukimpa anapata minyoo yeye, kisha anaacha mayai kwenye majani na kwenye mikono ya watoto. Choma moto au fukia kwa kina.

Hatua ya 8: jaza safu ya kilugha, halafu andika menyu

Safu ya kilugha usijaze kwa kukisia. Kichagga sio kimoja, wa Machame, Kibosho, Vunjo na Rombo kila mmoja ana lake, kwahiyo andika na mahali neno limetoka. Muulize bibi, sio kijana, na umuulize akiwa amekishika kile kiungo mkononi. Usiulize "spleen mnaitaje", utapewa neno la tumbo. Uliza pia nani anakula nini, maana uchaggani na umaasaini mbuzi akichinjwa kila kipande kina mwenyewe kwa umri na undugu, na mara nyingi hapo ndo jina la kiungo linapotajwa kwa usahihi.

Kwenye menyu ya wageni andika kiungo kwa jina la jikoni la lugha yao, mnyama gani, na kimepikwaje. "Supu ya mbuzi" haitoshi, sema ina utumbo na mapafu. Maini mtu wa gauti hayamfai, na mjamzito asiyale kwa wingi kwa sababu vitamini A ya ini ni kali mno. Na kama unapika kisusio, supu yetu ya Kichagga yenye damu ya mbuzi, andika neno damu kwa herufi zinazosomeka, maana Mwislamu, Msabato na Shahidi wa Yehova hawali damu, na hawapaswi kugundua hilo wakiwa kijiko cha tatu.